Atupakisye Hasubiri Gari

Mwaka huu peke yake Atupakisye alifunga begi mara nne na kulifungua mara tatu. Najua idadi kwa sababu begi lenyewe ni langu. Nilimwazima mwezi wa pili nikidhani ndani ya wiki moja litakuwa Dar es Salaam, kumbe likawa linajazwa na kumwagwa, linajazwa na kumwagwa, mpaka zipu ikaanza kukataa.

Mimi ni Kuruthumu, ila pale sokoni Tukuyu ukiuliza Kuruthumu watakuzungusha. Uliza Mama Yusra, muuza vitenge. Mdomo wangu hauna breki. Mume wangu analijua hilo, wateja wangu wanalijua, na sasa ukoo mzima wa Mzee Hezron kule Isongole unalijua. Lakini wallahi, ningenyamaza, yule mwanamke angekuwa mpaka leo yuko barazani anasukuma magurudumu mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Atupakisye ndiye fundi wangu wa kushona. Homa ya utotoni ilimwacha na miguu isiyo na nguvu, kwa hiyo anatumia kiti mwendo, na cherehani yake ni ile ya kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mshono unaotoka hapo hauna mwenzake Rungwe nzima. Hapo sikupambii maneno. Ila kukaa naye kunachosha, maana hatulii. Unamweleza habari ya maana, kiti kinakwenda mbele kidogo, kinarudi nyuma kidogo. Basi likipita kule juu barabarani anakukatisha katikati ya neno asikilize linaelekea wapi. Likiwa la Kyela anaendelea kuongea. Likiwa la kupanda Mbeya, ananyamaza mpaka mlio upotee.

Mumewe, Ambwene, ni fundi wa kuchomelea vyuma Dar. Walikaa pamoja miaka miwili tu baada ya ndoa, kisha Ambwene akateremka mjini kutafuta maisha, na mkewe akabaki kwa wakwe, Isongole. Miaka sita sasa. Anakuja Krismasi, anakaa siku kumi, anaondoka na gunia la viazi. Kila akiaga anasema, "Mke wangu, Dar huwezi kuishi na kiti bila gari. Nikipata gari nakuja kukuchukua." Mwaka wa kwanza neno hilo lilikuwa tamu. Mwaka wa sita Atupakisye aliniuliza, "Mama Yusra, hivi mtoto nitampata kwa simu?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana bila hilo hutaelewa kitu. Mimi si Mnyakyusa. Babu yangu alifika Tukuyu na biashara ya nguo, na sisi tumebaki watu wa msikitini na sokoni. Wanyakyusa wa zamani wana heshima yao: mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawasalimiani uso kwa uso, hawakai meza moja, hawapeani neno mdomo kwa mdomo. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia na kugeuka pembeni mpaka mzee apite. Vijana wa mjini wameshaachana na mambo hayo, lakini kwa Mzee Hezron, baba yake Ambwene, bado yalikuwa hai kabisa.

Basi fikiria. Kutoka nyumbani kwao bondeni hadi barabara ya lami kuna njia nyembamba inapanda, kulia tuta la viazi, kushoto tuta la viazi. Mtu aliye kwenye kiti aiache njia aende wapi? Wiki ya kwanza ya ndoa walikutana hapohapo katikati. Mzee alisimama, akakohoa, kisha akatumbukia kwenye viazi na viatu vyake vya kanisani, akaenda kusimama katikati ya matuta amempa mgongo. Atupakisye alipita huku analia. "Nilijua amenichukia," aliniambia. "Nilijua anaona aibu mwanawe kuoa mtu wa kiti."

Tangu siku ile, kwa miaka minane, mzee ndiye aliyekuwa anaacha njia. Mvua iwe inanyesha, mzigo uwe begani, akisikia magurudumu anaingia shambani. Atupakisye alimjua kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti la kahawia. Maneno yao yote, ya kuomba na ya kukubali, yalipita kwa mtu mmoja tu, Mama Ambwene, mke wa mzee.

Mama Ambwene ni mama mwembamba, mcheshi, macho yake yanaanza kuingia ukungu. Jioni Atupakisye alikuwa anamsomea Biblia, na asubuhi anamtungia uzi kwenye sindano. Walikuwa wanapiga soga siku nzima, utadhani wamezaliwa tumbo moja. Kila begi lilipofungwa, Atupakisye alimwambia, "Mama, naomba uniulizie kwa baba. Naweza kwenda kwa mume wangu hivihivi, bila gari?" Mama Ambwene anakwenda. Kesho yake analeta jibu. "Mwanangu, baba yako amekataa. Anasema tusubiri gari." Na begi langu linafunguliwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nateremka Kariakoo kufuata mzigo. Nilipopita kumuaga, Atupakisye alinipa futi yake ya kushonea na karatasi iliyojaa maandishi. "Kiti changu kina upana wa sentimita sitini na nne," akasema. "Nitafutie chumba cha chini. Pima mlango wa chumba, pima mlango wa choo, pima ngazi, angalia kama nje ni saruji au mchanga. Na ukikuta mlango wa sitini na tatu, usije ukaniambia ni sitini na tano kwa kunionea huruma."

"Nina huruma mimi?" nikamuuliza.

"Huna. Ndiyo maana nimekutuma wewe."

Kariakoo nina mama mmoja ninayechukua khanga kwake, naye ana nyumba Magomeni. Chumba chake cha mbele kilikuwa kimeachwa wazi. Nikaenda. Nikapiga magoti na hijabu yangu mbele ya mlango wa choo cha watu, futi mkononi, kalamu mdomoni. Wapangaji wakatoka kutazama. Mmoja akaniuliza, "Mama, unakinunua hicho choo?"

"Nakipimia suti," nikamjibu, nikaendelea na kazi yangu.

Mlango wa chumba, themanini na moja. Wa choo, sabini, na ndani kiti kinageuka. Uani saruji tupu. Kasoro ni ngazi moja tu ya barazani, ya shubiri moja. Kutoka hapo hadi kituo cha mwendokasi ni tambarare, na pale kituoni nikakaa nusu saa nzima natazama. Sakafu ya kituo na sakafu ya basi ziko sawa, hakuna kupanda. Nikamwona baba mmoja kwenye kiti mwendo anaingia mwenyewe, simu sikioni, anagombana na mtu wa huko upande wa pili wala hatazami magurudumu. Nilimkodolea macho mpaka akaniamkia. Nikajisemea, kumbe! Miaka sita tunaimba gari, gari, na huyu hapa anapita.

Nikamwendea Ambwene kazini kwake. Si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Ni mpole, mchapakazi, alivua miwani ya kuchomelea na kuniletea kiti kabla sijapumua.

"Shemeji, chumba kipo," nikamwambia. "Magomeni, mbele, ngazi moja tu. Mwenye nyumba anakishikilia mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya hapo anampa mtu mwingine."

"Ngazi moja nayo ni ngazi, shemeji. Na sokoni je? Na hospitali? Bila gari atakuwa mfungwa."

"Na kule Isongole yuko nini? Mtalii?"

Akaigeuza miwani mkononi. Mimi nikishaanza sisimami. "Wewe kazi yako ni vyuma," nikasema. "Umezungukwa na vyuma. Miaka sita unangoja gari, hujafikiria hata siku moja kukata bamba moja la chuma ukaliegesha kwenye ngazi! Mkeo hahitaji gari. Anahitaji bamba."

Akatazama mikono yake. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na baba je? Baba hataki. Nimvunjie heshima?"

"Amekuambia yeye mwenyewe?"

"Baba hashiki simu. Mama ndiye anayeniambia."

Neno lile likanikaa kichwani njia nzima, kutoka Dar hadi Mbeya, na kutoka Mbeya hadi nyumbani.

Jumanne nikampelekea Atupakisye vipimo. Alisoma karatasi mara tatu, midomo inacheza, kisha akakishika kiti akazunguka nacho baraza nzima, akagonga ndoo, akagonga kuku, akarudi. "Themanini na moja!" anasema. "Mama Yusra, themanini na moja! Naweza kuingia nimepanua viwiko!" Mchana huohuo akalifunga begi kwa mara ya nne na kumtuma Mama Ambwene kwa mzee.

Jumatano nilipanda tena Isongole kusikia jibu. Sikuhitaji kuuliza. Begi lilikuwa mapajani kwake, zipu nusu, na mkono wake umeishika zipu bila kuivuta huku wala huku.

"Amekataa," akasema.

"Basi nenda bila yeye! Una mume, mume ana chumba, chumba kina mlango!"

"Siwezi." Kiti kikaenda mbele, kikarudi. "Nikiondoka bila neno lake, watasema mke wa Ambwene hakufundwa. Ambwene mwenyewe hatathubutu kunipokea. Na mambo yakinishinda kule, nitarudi kwa nani? Ila mwenye nyumba hangoji, Mama Yusra. Kikipita chumba hiki, nitazeeka hapa. Najua. Nitazeeka hapahapa nasikiliza mabasi."

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawa ya moto. Nikatoka bila kuaga, nikaanza kupanda ile njia. Na katikati ya njia nikamkuta nani? Mzee Hezron, na koti lake la kahawia, na toroli lililojaa moramu. Alikuwa anafukia mashimo, anashindilia kwa mguu, anachukua sepetu, anafukia tena.

Mimi si mkwe wake. Mimi heshima yao hainifungi. Nikamsimamia mbele.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, nisamehe, lakini leo nitasema. Kwa nini unamfunga mtoto wa watu? Kama unaona aibu kwa kiti chake, si ndiyo umwache aende mbali usikione? Miaka sita anaomba, miaka sita unasema hapana! Una moyo wa namna gani?"

Aliweka sepetu chini polepole. Ni mzee mrefu, uso mpole, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Nikakumbuka kwamba Atupakisye hajawahi kuuona uso ule.

"Nani amesema hapana?" akauliza.

"Wewe!"

"Mimi?" Akatazama kushoto na kulia, kana kwamba kuna Hezron mwingine kwenye viazi. "Mama, mimi nauliza kila mwaka. Namwambia mke wangu, muulize huyo mtoto, kwa nini haendi kwa mumewe? Gari ni lazima? Naletewa jibu, anaogopa jiji, anasema yuko vizuri hapa, anataka kukaa. Jana usiku nimeuliza tena, nimeambiwa hivyohivyo." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Basi nikasema, kama anataka kukaa, njia yake isiwe na mashimo."

Nikaangalia chini. Atupakisye alikuwa ananiambia siku zote kwamba vijana wa kwaya wanafukia ile njia baada ya mvua, na Krismasi aliwashonea tai bure kwa shukrani. Vijana walipokea tai, hawakusema kitu. Wahuni wale.

"Ni wewe unayefukia?"

"Nani mwingine?"

Nikalitazama toroli, naye akalitazama. Kisha, bila kuambiana, tukageuka tukatazama bondeni, kwenye moshi wa jiko la Mama Ambwene. Mzee akakaa kwenye ukingo wa toroli, akashika kichwa. Nikamwonea huruma, mimi nisiyekuwa na huruma. Baadaye akasema, "Mwambie ajiandae. Aende. Mwambie ni mimi nimesema."

Niliteremka mbio, nikateleza, nikakaa chini matopeni na gauni zima, nikainuka, nikaendelea. Mama Ambwene alikuwa barazani anachagua maharage pembeni ya Atupakisye. Nikayamwaga maneno yote hapohapo, sikuchuja hata neno.

Atupakisye alimgeukia. "Mama?"

Mama Ambwene aliendelea kuchagua. Macho hayaoni vizuri, alikuwa anatupa maharage mazima na kubakiza mawe. "Ni kweli," akasema.

"Miaka sita, mama! Nimekuomba kwa magoti ambayo sina! Unanipelekea uongo, unamrudishia uongo!"

"Nimezaa watoto saba," Mama Ambwene akasema. "Wote wameteremka mijini. Mzee wangu akisema maneno matano kwa siku, siku hiyo ameongea sana. Ulipokuja wewe nikapata mtu. Mara ya kwanza nilisema nitakuzuia mwezi mmoja tu. Halafu nikaona haya kusema ukweli. Mwezi ukawa mwaka."

Nikauchukua ungo, nikaanza kutoa mawe. Atupakisye naye hakumsamehe palepale, nisikudanganye. Alisukuma magurudumu hadi ndani akafunga mlango, na jioni ile Biblia haikusomwa. Alhamisi nzima walipishana kimya, huku mimi nikimpigia Ambwene simu alipie chumba na ajiandae kumpokea. Ila Ijumaa asubuhi nilipofika, nilikuta sindano kumi na mbili zimechomwa kwenye kipande cha kitambaa juu ya meza ya Mama Ambwene, kila moja imetungwa uzi mrefu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Basi la Dar kutoka Kyela hupita asubuhi na mapema, na bajaji tuliyoikodi ilikataa kuteremka bondeni, dereva akapiga honi tu kutoka juu. Moramu ya mzee ilishikilia chini na juu, lakini pale katikati penye mwinuko mkali maji yalikuwa yamekata njia. Mama Ambwene alishika kushoto, mimi kulia, tukasukuma. Kiti kikapanda hatua tatu, kikarudi nne. Nikasukuma tena mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Atupakisye mwenyewe anavuta magurudumu kwa nguvu zake zote, viganja vimejaa udongo, na begi langu mapajani.

"Basi linakuja," akasema. Alilisikia kabla yetu. "Liko kule kwenye kona. Mama Yusra, linakuja! Litapita!"

"Sukuma!" nikapiga kelele, kana kwamba kuna aliyekuwa anapumzika.

Hapo nikasikia kikohozi. Atupakisye naye alikisikia, kwa sababu mikono yake iliganda kwenye magurudumu. Mama Ambwene akaachia kiti akasogea pembeni. Koti la kahawia likapita mbele yangu, na Mzee Hezron akashika vishikio vya kiti kwa nyuma.

Atupakisye akavuta kitenge akajifunika kichwa, akatazama mbele. Hakugeuka hata kidogo. Na mzee aliinamisha uso, anatazama tope. Hawakutazamana, kama walivyofanya miaka minane, ila safari hii hakuna aliyeacha njia. Kiti kikaanza kupanda.

Nilikimbia mbele kulisimamisha basi, pekupeku, nimepanua mikono katikati ya lami kama mwendawazimu. Likasimama. Nilipogeuka, walikuwa wamefika juu, na mzee alikuwa anaongea. Hakuwa anaongea na mkwe wake. Alikuwa anaongea na kiti.

"Wewe kiti," anasema huku anahema. "Mimi na wewe hatukatazwi kuongea. Mwambie uliyembeba kwamba sikumkataa. Siku ile kwenye viazi sikumkataa. Nilimpisha. Yeye hawezi kuacha njia, basi nikaacha mimi. Mwambie hivyo."

Atupakisye alikuwa analia chini ya kitenge, mabega yanaruka. Konda akaja kumbeba, naye hata katika kilio chake alimwelekeza: mkono mmoja chini ya magoti, mwingine mgongoni, usinitupe juu kama gunia. Mzee akageuka akatupa mgongo mpaka aliposikia ameshakaa. Kisha akabaki na kiti kitupu mbele yake, akikitazama. Hakujua kinakunjwaje. Akakibonyeza huku, akakivuta kule. Dereva akaanza kupiga honi.

Dirisha likafunguka. Uso haukutoka, ilitoka sauti peke yake. Na mimi nasema, kwa miaka minane mzee yule hakuwahi kupewa neno hata moja kutoka kwenye mdomo ule.

"Kiti," Atupakisye akasema, "mwambie baba akushike kitambaa cha kukalia, katikati. Avute juu kwa nguvu."

Mzee akashika katikati, akavuta. Kiti kikajikunja.

"Kiti," sauti ikasema tena, imekatika kidogo, "mwambie baba asante kwa moramu. Sikujua. Nilimpa mtu mwingine asante yake."

"Ndaga fijo," mzee akajibu, asante sana kwa Kinyakyusa, na hakuna aliyejua anamshukuru nani, kiti au mtu. Akakipakia mwenyewe kwenye buti, akakishikashika kuona kama hakitacheza. Mama Ambwene alikuwa amesimama chini ya dirisha, mkono juu, na mkono wa Atupakisye ukateremka ukaushika. Basi lilipoanza kuondoka yule mama alitembea nalo hatua kadhaa, kisha akaachia.

Jumapili simu yangu ililia. "Mama Yusra, bamba lipo!" Hakusalimu hata. "Ambwene amelichomelea, amelipaka na rangi. Mlango ni themanini na moja kweli, hukunidanganya. Na jana nimepanda mwendokasi peke yangu mpaka Kariakoo kununua vifungo, Ambwene alikuwa kazini. Amenigombeza! Ananiambia, si ungenisubiri! Nikamwambia, mume wangu, neno hilo tusilitamke tena humu ndani." Nyuma ya sauti yake nilisikia magurudumu, mbele na nyuma, kwenye saruji. Hatulii yule, na sidhani kama atakuja kutulia.

Jumatatu nilikwenda Isongole kupeleka habari na, niseme ukweli, kutafuta kiatu changu kimoja kilichobaki kwenye tope. Nilimkuta Mzee Hezron palepale kwenye mwinuko. Alikuwa amepanua njia, amekata matuta mawili ya viazi vyake upande mmoja, viazi vichanga vimelala nje, na toroli la moramu lilikuwa la ngapi sijui.

"Baba," nikamwambia, "unahangaika na njia ya nini tena? Si ameshaondoka?"

Hakuacha kushindilia. "Krismasi si anakuja?" akasema. "Safari hii tupite wote wawili."